Ujumbe wa Ijumaa

Seva, kompyuta iliyohifadhi soga za kikundi cha wafuma sweta, ilikaa juu ya jokofu la Bi Waya, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Wanachama mia mbili walipiga soga humo, na kila neno lao lililala nyumbani kwake, si kwa kampuni ya watu baki. Kikiharibika kitu, wa kulaumiwa alikuwa mmoja.

Jumanne, akipitia kumbukumbu za seva, akakuta ujumbe wa dada yake mkubwa, mwanachama wa kwanza, aliyekuwa safarini. Tarehe yake: Ijumaa inayokuja, saa nne na robo asubuhi.

"Mdogo wangu, atakayebisha hodi si mimi. Usimfungulie."

Akakagua saa ya mtambo. Ilikuwa sahihi. Akampigia dada.

"Mimi niandike ya Ijumaa?" dada akacheka. "Ya leo tu yananishinda. Punguza kahawa, we Bi Waya."

"Unarudi lini?"

"Ijumaa asubuhi. Na upike kitu cha maana, si yale mayai yako."

Bi Waya akaufuta ujumbe. Jumatano ukawepo tena. Akaufuta. Alhamisi ulikuwa palepale, umetulia tuli kama mwenye nyumba.

Ijumaa, saa nne na robo, mlango ukagongwa.

"Hodi, mdogo wangu. Fungua basi, mikoba inanikata mikono."

Sauti ilikuwa ya dada, mpaka kile kikohozi chake kabla ya kulalamika. Mkono wa Bi Waya ulishafika kwenye komeo. Amwache dada wa tumbo moja nje kama mwizi, kisa maandishi? Lakini simu ya dada, kila akifika kizingitini, hujiunga yenyewe na mtandao wa nyumba. Akatazama orodha kwenye kompyuta. Simu iliyojiunga ilikuwa moja tu, ya Bi Waya mwenyewe.

"Simu yako iko wapi, dada?"

"Imeisha chaji. Maswali gani haya, nami nimesimama juani?"

Jibu zuri. Mtu yeyote angeweza kulitoa.

Kwenye skrini, jina la dada likawaka kijani.

"Gari limeharibika, bado niko mbali," aliandika. "Mbona wenzetu wanne wanasema nimewabishia hodi?"

Bi Waya akasukuma komeo mpaka mwisho, akaanza kuwaandikia wote mia mbili wasifungue. Kabla hajamaliza, mfuma soksi mmoja akatuma ujumbe wake:

"Jamani, dada mkubwa wa Bi Waya yuko kwangu. Nimeshamwekea kiti."