Sauti ya Dunguni

Mwaka ule wa themanini na sita, hakuna mwanafunzi wa kidato cha sita katika shule ya akina Nyevu, Malindi, aliyethubutu kusema kwamba ataingia chuo kikuu bila darasa la Mwalimu Kamande. Darasa lilikaa likizo nzima ya Agosti, katika ukumbi wa kanisa, na mle ndani Kamande hakufunza somo. Alifunza mtihani: swali linavyovunjwa, saa inavyogawanywa, lipi lirukwe na lipi lishikwe. Aliwahi kusahihisha karatasi Nairobi. Waliochukuliwa chuo kikuu mwaka uliotangulia wote walikuwa wake, na hilo lilitosha.

Nyevu binti Kiponda hakwenda. Agosti mahindi hukomaa kijijini kwao Ganda, na nyani hawana likizo. Baba yake alikuwa na mguu uliovimba tangu masika, hawezi kukimbia, hivyo kazi ya kuamia, kulinda mahindi yasiliwe na nyani, ilimwangukia yeye. Kuanzia alfajiri alipanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akapiga debe na kupaza sauti mpaka jua litue.

Rafiki yake Idah, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka sokoni, alikuja kumwona mara moja. Alimwambia kwamba mle darasani wamempa jina: Profesa wa Nyani. Walicheka wote wawili. Kisha Idah akasema kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu Kamande ametamka mbele ya watu kuwa aliye nje ya ukumbi asijisumbue kuota chuo kikuu. Mzee Kiponda, aliyekuwa amekaa chini akisugua mguu wake, aliuliza waliokosa mwaka jana walisoma wapi. Idah akafikiri, akajibu kwamba hao nao walikuwa darasani, ila hawakutia bidii.

Nyevu alijifanya kucheka tena. Usiku hakulala vizuri.

Alikuwa mwenye kiburi, na kiburi chake kilimpa njia. Kama ni lazima apige kelele mchana kutwa, basi atapiga kelele za Historia. Akaugeuza muhtasari wote kuwa beti, vina na mizani, hakufunzwa na mtu, akazigawa kwa pembe za shamba. Upande wa mibono aliweka vita. Penye kichuguu aliweka mikataba. Nyani walipotokea upande huo, waliupata mkutano wa Berlin usoni, kwa sauti na debe:

Wakaketi kwenye meza,
Ramani kuieneza,
Bara letu kuliuza,
Na mwenyewe hakuweko.

Mavuno yalipokwisha, hakuna ubeti uliompotea. Akaingia mtihani Novemba na kifua mbele.

Karatasi ya Historia iligawanywa asubuhi. Msimamizi alikuwa Bi. Mueni, mwalimu mgeni aliyeletwa kutoka shule nyingine, mwanamke mrefu asiyetabasamu. Nyevu alisoma maswali yote, akayajua. Alishika kalamu. Akangoja.

Hakuja mstari. Hakuja ubeti. Ukumbi ulikuwa kimya kama kaburi, na ndani ya kimya kile mambo yote aliyoyajua yalikuwa yamelala. Alifumba macho, akaiona mibono, akakiona kichuguu, lakini sauti haikuwepo, na bila ya sauti ilikuwa ni mibono tu na kichuguu tu. Jasho lilimtoka viganjani likalowesha karatasi. Mbele yake Idah alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili.

Midomo yake ikaanza kucheza yenyewe. Mstari mmoja ukaja, akauandika kwa Kiingereza. Wa pili ukaja. Kisha kivuli kikasimama juu ya dawati.

“Nikiiona hiyo midomo tena,” Bi. Mueni alisema polepole, “karatasi hii naichukua.”

Alibana midomo hata meno yakaiuma. Kila kitu kikalala tena. Saa ya ukutani ilikuwa ikitembea, naye alikuwa na nusu ukurasa. Akamwona baba yake akiuburuza ule mguu shambani, msimu huu na mwingine na mwingine, na yeye juu ya dungu mpaka uzee. Akanyoosha mkono, akaomba kwenda chooni.

Simeon, tarishi wa shule, alimsindikiza, akabaki nje ya mlango wa bati. Ndani, kwa harufu ile na nzi wale, Nyevu aliziba uso kwa mikono akanong'ona. Beti zilitoka mbio kama maji yaliyokuwa yamezuiwa. Alipofungua mlango, Simeon alikuwa amekwenda kusema aliyoyasikia, akaachiwa ukumbi, na mahali pake alisimama Bi. Mueni.

Aliambiwa anyooshe mikono. Bi. Mueni alipekua mifuko, soksi, pindo za sketi, akamfumua nywele alizozisuka jana yake. Akaingia chooni akatazama juu ya ukuta na nyuma ya mlango. Hakupata kitu, na kutopata kulimkasirisha zaidi.

“Ulikuwa ukisema na nani?”

“Sikusema na mtu, mwalimu. Nalikuwa naamia.”

“Unaamia nini, chooni?”

Nyevu alimjibu kwa beti zenyewe. Akasema ubeti wa meza na ramani, kisha wa pili, kisha wa tatu. Bi. Mueni alisikiliza bila kupepesa. Ubeti wa nne ulipoanza, aliinua mkono.

“Rudi ukaandike.”

Hakusema kwamba atanyamaza. Hakusema kwamba ataripoti. Nyevu alirudi akaandika mpaka kengele, na swali la mwisho likabaki jeupe.

Kuanzia siku hiyo, kila gari lililosimama barabarani Ganda alidhani limemfuata yeye. Mtu akishikwa na udanganyifu, matokeo yake yalifutwa yote, na Simeon alikwisha kuwaambia watu sokoni kwamba binti Kiponda alifumaniwa akisoma chooni. Idah aliacha kuja. Nyevu chakula alikuwa akikigeuza tu mdomoni.

Matokeo yalikuja, yakiwa hayakufutwa. Nyevu alichukuliwa chuo kikuu, pamoja na wawili waliotoka ukumbi wa Kamande. Idah alikosa.

Kabla Nyevu hajaondoka kwenda Gilgil kwenye mafunzo ya vijana wanaoingia chuo kikuu, Mwalimu Kamande aliita wazazi wa kidato kilichofuata. Akawasimamisha wale watatu mbele.

“Hawa ndio matunda ya darasa letu,” alisema.

“Mimi sikuwa darasani mwako, mwalimu,” Nyevu alisema. “Nalikuwa Ganda, nafukuza nyani.”

Ukumbi mzima ulicheka. Kamande naye alicheka, akamsifu kwa utani wake, na wazazi wakaanza kupanga foleni kuandikisha watoto wao.

Nyuma kabisa Idah alisimama bila kucheka, akimtazama kama anayengoja aambiwe ni nini kilichomvusha mwenzake. Nyevu alitafuta jibu. Aliona dungu, akaona mlango wa bati, akamwona Bi. Mueni na ule mkono ulioinuka, ambao ungeweza kuinuka kuichukua karatasi yake.

Ndipo akahisi midomo yake inacheza, akaifunika upesi kwa kiganja, kana kwamba Bi. Mueni angali amesimama juu yake.