Wepesi wa Wasaga Mawe

Asubuhi ya kupima pumzi, wafanyakazi wa kiwanda cha kusaga mawe walijipanga nje ya chumba cha huduma ya kwanza, kila mmoja amekumbatia buti zake nzito kifuani. Ndani, mtafiti wa afya ya kazini alikuwa ametandaza vifaa vyake kwenye meza ndogo: kipimo cha pumzi, mirija ya kubadilisha, pamba na spiriti. Mlango haukufungika vizuri, na unga mweupe ulipenya chini yake na kutua juu ya kila kitu. Alifuta kioo cha kipimo kwa kiganja, akaita anayefuata.

Anayefuata alikuwa kaka yake. Aliingia, akaziweka buti chini, na alipoziachia tu akapanda taratibu mpaka magoti yake yakawa usawa wa meza.

"Nisogezee huo mrija," alisema.

"Shika meza kwanza, kaka. Ukining'inia hivyo hutaweza kupuliza kwa nguvu."

Alishika ukingo wa meza, akavuta hewa, akapuliza. Mshale wa kipimo ulisogea kidogo, ukarudi. Mdogo wake akamwomba arudie. Alirudia, kikohozi kikamkamata katikati, na kila alipokohoa alipanda, hadi kisogo kikagusa balbu.

"Mashine yako mbovu," alisema kutoka juu.

"Mashine nzima."

Mtafiti alimvuta chini kwa mguu wa suruali, akamkabidhi buti zake, akaita mwingine.

Kiwanda kile kilisaga mawe meupe kuwa unga laini unaotiwa kwenye rangi za ukuta, dawa ya meno na chaki. Feni kubwa ya kufyonza vumbi ilikuwa imekufa zamani, na kila aliyeuliza aliambiwa kipuri kimeagizwa. Wepesi ulianza kwa waliokuwa karibu na kinu. Mwanzoni walidhani buti zimewapanuka. Halafu wakawa wakiruka dimbwi wanachelewa kutua. Wake zao waliwashonea mifuko ya ndani, wakatia kokoto, maisha yakaendelea. Fundi wa mikanda, aliyeitwa Mzito tangu enzi jina hilo lilipokuwa na maana, alilazimika kufunga nondo mbili mgongoni ili aweze kukaa kwenye benchi wakati wa chai.

Mtafiti aliripoti jambo hilo chuo kikuu anakofundisha. Wakati huo chuo kilikuwa na hamu ya tafiti zinazounganisha taaluma, na wepesi wa wasaga mawe ulionekana kuzigusa karibu zote. Likaundwa jopo. Akapewa mwanafizikia, mhandisi, mchoraji na mwanazuoni wa dini, na basi dogo la kuwapeleka kiwandani.

Mwanafizikia alianza kwa kuhakikisha kwamba mvuto wa dunia upo mahali pake. Aliangusha gololi za chuma kila kona ya kiwanda, na zote zilianguka kama inavyotakiwa. Aliridhika. Alisema tatizo haliko kwa dunia; dunia inawavuta watu wale kama inavyowavuta wengine, ila wao hawaitikii vizuri.

Mhandisi hakuweza kuona kitu kinachotembea ovyo bila kutamani kukiwekea reli. Siku ya kwanza tu alikuwa ameshapima dari. Mchoraji, mama mmoja mpole mwenye rangi kwenye kucha, alilala chali sakafuni akachora nyayo, kwa sababu, alisema, ni nadra mchoraji kupewa nafasi ya kumwona mfanyakazi kutoka upande huo.

Mwanazuoni wa dini aliwahoji mmoja mmoja, kwa adabu. Wengine walitaka kujua kama sala inakubaliwa ikiwa magoti hayafiki chini. Aliwatuliza, akasema kinachotazamwa ni moyo. Kisha akamuuliza kaka yake mtafiti kama huko juu anajihisi yuko karibu zaidi na Mungu.

Kaka alifikiri. "Najihisi niko karibu na bati," alisema. "Mchana linaunguza."

Mwanazuoni aliliandika jibu hilo, na baadaye alilifanya kichwa cha sura nzima.

Wenzake walikuwa na furaha ya watu waliopata kazi nzuri. Mtafiti hakuwa nayo. Alikuwa akikaa anasimama, akisimama anakwenda dirishani, na wanafunzi wake walizoea kumsikiliza akiwa anazunguka darasa kama mtu aliyepoteza funguo. Alikuwa ameyapanga majibu ya vipimo vyake kwa namna nne tofauti, na namna zote nne zilisema jambo lilelile. Siku ya kikao cha jopo alilisema bila kukaa.

"Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo pumzi inavyopungua. Sijapata hata mmoja aliyekwenda kinyume. Ni vumbi. Linaingia mapafuni, mapafu yanakauka, mtu anakuwa mwepesi."

Mwanafizikia alivua miwani. "Vitu viwili vikienda pamoja, mwenzangu, haina maana kimoja kimeleta kingine."

"Feni ikitengenezwa tutajua."

"Feni ni matengenezo," alisema mhandisi. "Sisi ni utafiti. Tukianza kutengeneza feni za watu, kesho tutaitwa kuzibua mabomba."

"Na wao wenyewe wanasemaje?" mwanazuoni aliuliza.

"Wanakohoa."

Mchoraji, ambaye kwa kawaida hakuzungumza vikaoni, alifungua mkoba wake akatoa michoro, akaitandaza mezani. Wasaga mawe walikuwa wametawanyika hewani, mikono imepanuka, vinywa wazi.

"Nilidhani wanaimba," alisema.

Aliitazama michoro yake kwa muda, akaikusanya tena. Kikao kiliendelea na ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa jina la utafiti.

Walipoyapeleka matokeo kiwandani, meneja aliwapokea vizuri. Aliwaagizia chai, akazima simu yake, akasikiliza. Alimuuliza mtafiti maswali ya maana, ya mtu aliyefuata kila neno.

"Kwa hiyo ni vumbi," alisema mwishoni.

"Ni vumbi."

"Sikatai, Daktari. Nashukuru kwamba sasa tunajua." Akamgeukia mhandisi. "Na hizo reli zako, zinaweza kuanza kufungwa lini?"

"Na feni?" mtafiti aliuliza.

"Kipuri kimeagizwa."

Kabla reli hazijakamilika, Mzito alipotea. Alikuwa uani wakati wa mapumziko ya mchana, amefungua nondo zake kidogo ajikune mgongo, upepo ukaja. Wenzake walimwona akipita juu ya paa la stoo, halafu juu ya tangi la maji, akiwa amekaa kama alivyokuwa amekaa kwenye benchi, na sahani yake mkononi. Mmoja alimwita. Mzito alijibu kitu ambacho hakikusikika. Walimtazama mpaka kengele ilipolia, wakarudi kazini, kwa kuwa kinu hakikusimama.

Kiwanda kilimhesabu kuwa mtoro. Mkewe alikuja getini mara kadhaa kuuliza haki zake, na kila mara mlinzi, ambaye alimshuhudia Mzito akipita, alimweleza kwa upole kwamba mtu aliyeondoka eneo la kazi bila ruhusa hana haki. Mama yule aliuliza ruhusa ile angemwomba nani akiwa kule juu. Mlinzi alisema yeye ni mlinzi tu.

Jioni ya siku ile Mzito alipopotea, mtafiti alikwenda kwa kaka yake. Alimkuta sebuleni, amefungwa kiunoni kwa kamba ya kuanikia nguo, ncha ya pili ikiwa kwenye mguu wa kabati. Wifi yake alikuwa akimpandishia sahani kwa mwiko mrefu.

"Wifi, mwambie wewe," alisema mke wa kaka, bila kugeuka. "Mimi ananisikia kama redio ya jirani."

Mtafiti alibaki amesimama katikati ya chumba, kichwa juu. "Kaka, acha hiyo kazi."

"Niache niende wapi?"

"Popote. Uje kwangu."

"Nije kwako nifanye nini, nikae kwenye dari lako?" Alitafuna polepole. Alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka mambo ambayo mdogo wake hakuyakumbuka. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi, na alikuwa bado akizungumza naye kama mtu anayemfunga kamba za viatu. "Sikiliza, mdogo wangu. Nimebeba magunia tangu sijaota ndevu. Mgongo huu ulikuwa hauniachi nilale. Sasa hauniumi. Naamka asubuhi kama mtoto. Unajua ni starehe gani hiyo?"

"Na pumzi?"

"Naitumia kidogo kidogo."

"Mzito je?"

Kaka aliacha kutafuna. Alitazama dirisha, ambalo wifi alikuwa amelifunga kwa komeo jipya. "Mzito hakufunga vizuri," alisema hatimaye. "Mimi nafunga vizuri."

Wifi alikusanya vyombo. Aliikagua kamba kwenye mguu wa kabati, akaongeza fundo.

Mtafiti aliandika kwa wakaguzi wa kazi. Mkaguzi alikuja, akapewa barakoa mpya na kofia ngumu, akazungushwa. Aliona watu wakifanya kazi karibu kabisa na madirisha ya juu, penye mwanga na hewa. Alisema hajawahi kuona kiwanda ambacho wafanyakazi wanapata hewa safi kwa kiwango kile, akaaga. Mtafiti alimkimbilia mpaka kwenye gari.

"Wako kule juu kwa sababu ya hewa ya chini," alimwambia.

"Ndiyo maana nimesema wako mahali pazuri," mkaguzi alijibu, akapandisha kioo.

Reli za mhandisi zilifanya kazi bila dosari. Kila msaga mawe alifungwa mkanda wenye ndoana, ndoana ikaingia kwenye reli, na wakawa wakiteleza juu ya kinu huku na huko, wakimimina mawe kutoka juu, kitu ambacho zamani kilihitaji ngazi na vijana wenye nguvu. Ngazi ziliondolewa. Uzalishaji ulipanda. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uzito wa kuanguka, kiwanda kilimaliza mwaka bila mtu hata mmoja kuanguka, kikapewa tuzo ya usalama kazini.

Sherehe ilifanyika uani, ukuta wa stoo ukiwa umechorwa na mchoraji. Meneja alimwomba achore watu walewale wa kwenye michoro. Mchoraji aliwachora, ila safari hii aliwafumba vinywa wote, na mtafiti alipomuuliza kwa nini, alisema vilivyo wazi vilimnyima usingizi. Mwanazuoni alifungua kwa sala. Mwanafizikia alieleza wepesi kwa lugha nyepesi, watu wakacheka palipostahili. Kaka alichaguliwa kupokea tuzo kwa niaba ya wafanyakazi. Wenzake wawili walimshikilia kila upande, akaipokea, na kwa sababu ilikuwa ya shaba nzito, alisimama nayo chini, nyayo zote mbili ardhini, hadi walipoichukua kwenda kuiweka ofisini kwa meneja.

Makala ya jopo ilitoka baadaye kwenye jarida linaloheshimika, ikiwa na majina ya watafiti wote watano. Neno vumbi lilitokea mara moja, katika tanbihi inayoeleza jinsi lenzi za kamera zilivyosafishwa. Mtafiti alilalamika. Wenzake walimjibu kwa upendo kwamba vipimo vyake vimo vyote, kwenye kiambatisho, na yeyote anayetaka anaweza kuvisoma.

Hakujiuzulu. Alifikiri kwamba akitoka hakuna atakayepima. Aliendelea kwenda na kipimo chake, na mshale uliendelea kusogea kidogo na kurudi, kila safari kidogo zaidi. Wasaga mawe walimpenda. Walimuulizia watoto wake na kumletea kiti, ambacho hakukikalia.

Siku moja ya mapumziko alikwenda tena kwa kaka. Mvua ilikuwa imelegeza bati la nyumba, na kaka alikuwa nje akipigilia misumari. Hakupanda paa, alielea juu yake, nyundo mkononi, na wifi alikuwa ameishika kamba huku akichungulia jikoni kila dakika kwa hofu ya kuunguza.

"Nipe, wifi," mtafiti alisema, akaipokea kamba.

Kaka alimaliza bati la mwisho. Hakuomba kushushwa. Alikaa kule juu anahema, akapumzika, kisha akaomba aongezewe kamba kidogo, kuna kitu anataka kukiona. Mdogo wake aliilegeza. Akapanda mpaka juu ya nyaya za umeme, akawa mdogo.

"Unaona nini?"

"Wanajenga," sauti ilishuka, nyembamba, ikikatwa na kikohozi. "Nyuma ya kinu chetu. Jengo jipya, kubwa kuliko la zamani."

Mtafiti aliizungusha kamba kiganjani. "Angalia kuta zake. Zote. Wameacha tundu la feni?"

Kaka alikinga macho kwa mkono. Alitazama muda mrefu, akijigeuza upande huu na ule kama mtu anayetafuta uso katika umati, na upepo ulipomsukuma kamba ilikaza, ikalegea.

"Hakuna tundu," alisema. "Kuna milango. Wameiweka mirefu sana, mdogo wangu. Imefika karibu na paa."

Jikoni, wifi aliita kwamba chakula kiko tayari. Mtafiti alianza kuvuta kamba. Haikuhitaji nguvu.