Bibi Hayumo Kwenye Mchezo

Mwaka 1995 Nasuru alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la misaada mjini Koboko, karibu na mpaka wa Zaire. Kila mchana, wenzake wakienda kula, yeye alibaki na kompyuta ya ofisi akitunga mchezo. Haukuwa na picha hata moja, maneno matupu: kompyuta inakueleza ulipo, wewe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu. Alijifundisha kazi hiyo kwa kitabu kilichokwisha jalada, na kwa miezi minane alikuwa ameandika safari ya wakimbizi wa vita vya mwaka 1980, kutoka kijijini kwao Dranya mpaka Zaire.

Mchezo ulipokamilika alimwita dada yake, Sitti, aliyekuja sokoni kuuza simsim, yaani ufuta. Sitti akasoma kwenye kioo cha kompyuta: UKO NYUMBANI. BUNDUKI ZINAKARIBIA. HAPA KUNA JERIKANI LA MAJI.

Akatafuta herufi moja moja kwa kidole: BEBA BIBI.

SIELEWI, kompyuta ikajibu.

"Andika chukua jerikani," Nasuru akamwelekeza.

"Mutu gani anaanza na jerikani? Bibi iko ndani, na miguu yake mbaya."

"Kwenye mchezo hayumo, dada."

Sitti aliondoa kidole. "Mimi nilimbeba mgongoni. Wewe ulikuwa na miaka tano, ulishika nguo yangu." Akajitwisha simsim yake, akaenda zake.

Nasuru alibaki amekasirika, asijue amkasirikie nani. Miezi minane, na mchezaji wa kwanza hakuvuka hata mlango.

Akaanza kumwingiza bibi. Kumbukumbu ya kompyuta ikajaa. Ikabidi alifute pango aliloliweka njiani, lenye sanduku la kufuli, fumbo lililomgharimu wiki tatu na ambalo alilipenda kuliko yote. Halafu bibi mwenyewe akawa msumbufu: ukimwacha nyumbani, bado alikohoa mgongoni mwako njia nzima. Nasuru aliporekebisha kosa hilo, likazuka jingine. Mwishowe akaweka sharti kwamba anayembeba bibi hawezi kubeba jerikani, akaona sasa mchezo una akili.

Mwezi uliofuata Sitti alikubali kukaa tena. Alimbeba bibi, akapita kijiji cha Kuluba, akaukaribia mpaka. Kioo kikaandika: UMEKUFA KWA KIU.

"Hatukufa," alisema Sitti.

"Lakini hatukuwa na maji."

"Pale Kuluba kuna mama alitupatia kibuyu mzima. Akatembea na sisi mpaka tukavuka."

Nasuru alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Miaka kumi na tano, na hakuna aliyewahi kumwambia. "Mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile hukuuliza. Ulisema chukua jerikani."

"Jina lake nani?"

"Sijui. Tulikuwa tunakimbia, Nasuru."

Nasuru alipima kumbukumbu iliyobaki kwenye kompyuta. Ilitosha mistari miwili, na mama huyo alihitaji arobaini. Sitti alikuwa bado amekaa pale, akingoja. Nasuru akairudisha programu mpaka mstari wa kwanza, akaanza kuisoma upya akitafuta kitu kingine cha kufuta.