Nyumba Kavu ya Mianda

Mbayo alikuwa bingwa wa kuahidi. Kama ahadi ni deni, mtu yule angeuzwa yeye na nyumba zake zote za kupangisha, na bado asingemaliza kulipa. Kila Laurentine, mpangaji wake, alipokwenda kumwambia kwamba bati limetoboka na bomba linavuja ndani ya ukuta, alibembelezwa kama mgonjwa: "Vumilia, mama. Fundi atakuya tu." Fundi alikuja mara moja. Akapaka chokaa juu ya kuvu, akaenda zake. Mvua iliyofuata kuvu ikatokeza tena, nyeusi, ikinuka kama viazi vilivyosahauliwa guniani.

Chini ya ukuta huo ndipo alipolala Stany, mwanawe wa pekee. Alikuwa na miaka minne na kifua cha mzee. Muuguzi hakuzungusha maneno: mtoto huyu hahitaji dawa nyingine, anahitaji nyumba nyingine.

Aliyehangaika pamoja na Laurentine alikuwa Mianda, jirani yake. Mianda alizaliwa hapahapa Kolwezi, ingawa babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Alikaa na binti yake mdogo, Kanku, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, ndogo lakini kavu. Yeye ndiye aliyekuja na burashi wakasugua ukuta pamoja. Yeye ndiye aliyemfokea Mbayo mbele ya wageni wake: "Tata, ukuta inaoza! Wewe unaweza kulala mule?" Mbayo akawaonyesha kontra, yaani mkataba. Atokaye kabla ya mwaka kwisha anaacha garanti yote, zile pesa alizotanguliza. Tena ataenda wapi? Kolwezi nzima haikuwa na chumba.

Ndipo ukaja mwaka ule wa tisini na tatu, na vyumba vikapatikana tele. Wakubwa wa mkoa walisema Wakasai warudi kwao. Vijana wa mtaani, waliokula kwenye sahani za Wakasai hao tangu utotoni, wakaanza kuwaita bilulu, wadudu. Haikuchukua muda, Mianda na Kanku wakawa wameketi juu ya mafurushi yao kituoni, nje, wakingoja gari la moshi lisilokuja, pamoja na maelfu ya wenzao.

Kabla ya kwenda huko Mianda alimtia Laurentine ufunguo mkononi. "Ulale mule na mutoto, Mama Stany. Afazali wewe kuliko banyanganyi. Unichungie tu."

Laurentine akaenda kumrudishia Mbayo ufunguo wake.

"Kontra haiyaisha, mama," Mbayo alisema.

"Ukuta ndiyo iliivunja, tata. Hapana miye."

"Na sasa utalala wapi?"

Angeweza kusema anamlindia rafiki. Lakini nyumba zilizolindiwa Wakasai zilikuwa zinavunjwa milango, na mdomo wa Mbayo haukuwa na kufuli. "Kwangu," alisema. "Nyumba ya Mianda ni yangu sasa."

Mbayo akacheka, akamsifu kwa mara ya kwanza: "Umeamuka, mama!" Kabla jua halijazama mtaa wote ulikuwa na habari.

Katika nyumba kavu kikohozi cha Stany kililegea, kisha kikakoma. Laurentine alimsikiliza akipumua akafurahi, halafu akaona haya kwa furaha yake. Mwanzoni alipeleka bukari, yaani ugali, kituoni, bakuli limefunikwa vizuri. Vijana walipoanza kuangalia nani anawapelekea chakula Wakasai, akaacha.

Alasiri moja mvua ilimwagika, na mlango ukagongwa. Alikuwa Mianda, amejifunika kitenge hadi machoni, amelowa hadi mifupani, Kanku mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka homa na kifua kinamkwaruza. Laurentine aliijua sauti ile.

"Mi nitarudia ku gare," Mianda alisema chini chini, akielekeza kidevu upande wa kituo. "Unilazie mutoto tu, Mama Stany. Leo tu."

Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wamejikinga mvua barazani. Mmoja akaita: "Mama Laurentine! Ule ni nani ku mulango yako?"

Laurentine alijua kwamba akimtaja rafiki yake, mlango huo utavunjwa. Alimfikiria Stany aliyelala ndani. Alimfikiria Mbayo, na ukuta. Mkono wake ulibaki juu ya mlango, haukuusukuma wala haukuuvuta.

Mianda aliutazama mkono huo. Kisha akawageukia vijana, akasema kwa sauti: "Munisamehe. Nilikosea mulango."

"Ni kweli, mama?" kijana akauliza.

"Ndiyo," Laurentine akajibu. "Amekosea."

Mianda akamvuta Kanku vizuri mgongoni, akashuka ngazi ambazo baba yake alizijenga kwa mikono yake. Laurentine akafunga mlango kwa ufunguo. Kilichomjia kwanza hakikuwa aibu, kilikuwa nafuu, na hilo ndilo lililomtisha.