Mgeni wa Mvumo

Mimi ni fundi wa meno. Si daktari, tusije tukapandishana vyeo; daktari ndiye anayechungulia midomo, mimi nachungulia plasta. Nakaa kwenye chumba nyuma ya kliniki nikichonga meno ya bandia, na mashine yangu ya kusagia ina mlio ambao kila mtu pale anaukimbia. Mimi niliurekodi. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Kulikuwa na kikundi mtandaoni kinaitwa Mvumo. Watu ambao hatujawahi kukutana ana kwa ana, kila mmoja na kompyuta yake chumbani kwake, tunarekodi milio ya vitu: geti lenye kutu, feni inayogonga, bomba linalovuja. Milio hiyo tunaivuta, tunaikunja, tunaigeuza kichwa chini, kisha tunaiweka hewani kwenye ukurasa wetu. Ukifungua ukurasa unasikia. Hakuna mwimbaji, hakuna mdundo wa kuchezea. Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, hajawahi kuuita muziki.

"Friji yenu inalia tena," husema akipita mlangoni na beseni la nguo. "Si mwite fundi?"

Wenzangu waliniita Meno. Kutu alikuwa mchomelea vyuma, na kila alichokirekodi kilikuwa chuma. Nusu hatukujua anafanya kazi gani. Tulijua tu kwamba hajawahi kumaliza kitu. Na mkubwa wetu kwa umri alikuwa Mzee Transista, ambaye ndiye aliyetutungia kanuni, nayo ilikuwa moja tu: hatuzimi mtu akiwa anasikiliza. Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya wasikilizaji. Ikishuka hadi sifuri, mwenye zamu anazima akapumzike. Ikibaki hata moja, anaendelea kumpakulia huyo mmoja. "Mgeni hafukuzwi," alikuwa akisema mzee. Tulimkubalia upesi, maana enzi hizo wageni walikuwa wengi na sisi tulikuwa na nguvu za kuwapokea.

Nguvu huisha. Wengine walioa, wengine walipata kazi za kueleweka, mmoja alituaga kwa maneno mazuri na mwingine hakuaga kabisa. Kutu naye, ambaye mdomo wake hauna breki, alimwambia Mzee Transista mbele ya wote kwamba kazi zake zinafanana, kila siku ni makorokoro ya nyumbani tu. Mzee hakujibu. Baada ya muda hakutuma tena. Tukasema amesusa, na mtu mzima akisusa unamwacha, akishiba hasira atarudi.

Tukabaki watatu, na ile namba ikabaki moja.

Moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Mara chache ilikatika, tukaweka vidole kwenye kitufe cha kuzima, na kabla hatujapumua ilirudi. Tukampa jina, Mgeni. Nusu alisema ni mgonjwa kitandani asiyeweza kugeuka. Kutu alisema ni mlinzi wa ghala. Mimi nilimwazia mtu anayesaga kitu kama mimi, aliyeinamia kazi yake, na nilipokuwa mpweke nilimpenda. Tuligombana juu yake. Kutu alidai anapenda chuma, mimi nikadai siku niliyoweka mlio wa maji hakukatika hata mara moja. Tulikuwa watatu wazima na akili zetu, tukimpikia mtu ambaye hajawahi kusema chumvi imezidi.

Ukweli ni kwamba nilichoka. Kuna uchovu unaolala nao ukaamka bila nao. Wangu haukuwa huo. Nilikuwa natoka kliniki mgongo umekauka, vumbi la plasta hadi kwenye nyusi, nakuta kiti changu kinaningoja na nakichukia. Zamu ya Nusu nayo niliifanya mimi, kwa kuwa Nusu ni Nusu. Nilipowaza kazi mpya hakuna kilichokuja. Niliweka mlio wa wiki iliyopita nikaugeuza nyuma, nikajidharau.

"Tufunge," niliwaandikia.

"Na Mgeni?" akauliza Kutu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumemlisha mwaka mzima na jembe hajaliona."

Lakini kanuni ni kanuni, na hakuna aliyekuwa tayari kuivunja yeye. Tukaona tumwombe ruhusa. Tukaandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: Mgeni wetu, tumechoka, tunaomba kufunga, tujibu hata neno moja. Hakujibu. Namba ikabaki moja, na mimi nikaanza kumchukia pamoja na kiti.

Jumapili mchana nilikaa nikachimbua kumbukumbu za mtambo unaobeba ukurasa wetu, nijue Mgeni anafungulia wapi. Nilipopapata nilipaona si pageni. Ni anwani ileile zilikotoka kazi za Mzee Transista.

Damu ilinichemka. Kumbe mzee yupo! Amesusa kutuma, ila kusikiliza hajasusa, amekaa kimya anatukesheza kwa kanuni yake mwenyewe! Namba yake ya simu nilikuwa nayo tangu tulipomtumia maikrofoni. Nikapiga, nimpe vidonge vyake.

Akapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Naomba kuongea na mzee."

"Marahaba. Mzee ametangulia, mwanangu, tangu mwaka jana. Wewe ni nani?"

Vidonge nilivyoviandaa nikavimeza mwenyewe. Nikampa pole, nikamwambia mimi ni mwenzake wa kwenye kompyuta.

"Alaa! Nyie ndio wenye mashine!" Sauti ikachangamka. "Ipo salama kabisa. Sijaizima. Umeme ukikatika naiwasha mwenyewe, binti yangu alinionyesha pa kubonyeza. Vumbi nalifuta kwa kitambaa kikavu."

"Mama, nani alikwambia usiizime?"

"Si yeye? Wanamtoa hapa kumpeleka hospitali, pumzi hana, ananishika mkono: usizime hiyo, kuna watu huko. Nikajua ni kazi ya watu. Sijui mitambo ya nini, ila nikasema nikizima mtu ataumia, na mimi sitaki dhambi ya mtu." Akashusha pumzi. "Binti yangu ananitaka nikaishi kwake, mjukuu sijambeba hata mara moja. Namwambia nitaondokaje, mashine ya watu namwachia nani? Amechoka na mimi. Na mimi, nikwambie kweli, nimechoka na hiyo mashine."

"Na sauti yake, mama? Unaisikia?"

"Hapana, jamani. Niliipunguza ikaisha siku ya msiba. Ile kelele ilikuwa inanikata maini."

Nilicheka. Sikutaka, kilinitoka tu, nikaziba simu kwa kiganja. Mwaka mzima sisi tumeogopa kuzima kwa sababu yake, naye ameogopa kuzima kwa sababu yetu, na katikati hakuna aliyesikia kitu. Nilipowaandikia wenzangu, Kutu alijibu: "Kwa hiyo tumempigia mbuzi gitaa." Baadaye akaongeza: "Mzee hakususa." Halafu hakuandika tena siku ile. Nusu hakuandika hata nusu.

Nikampigia mama tena. Nilimweleza polepole kwamba inaweza kuzimwa, aende zake kwa binti yake na moyo mweupe.

"Hakuna atakayeumia?" akauliza.

Swali dogo hilo. Mikono yangu ilikuwa juu ya kompyuta iliyojaa miaka yangu yote, mafaili juu ya mafaili, na alichokuwa akiniuliza ni kama yana kazi yoyote kwa mtu yeyote.

"Hakuna, mama," nilisema. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Tukakubaliana Jumamosi, siku ambayo binti angekuja na gari. Kutu na Nusu waliniachia mimi kazi hiyo. Walisema ni zamu yangu, na kwa mara ya kwanza hawakukosea. Dada yangu alisikia habari yote akasimama mlangoni bila beseni. "Basi leo friji inakufa," alisema, lakini kwa upole, akaniletea chai.

Mama alinipigia vitu vimeshapakiwa.

"Nipo mbele yake," alisema. "Nibonyeze wapi?" Kabla sijamjibu akaendelea, "Ngoja. Nifungue sauti kwanza. Miaka yote alikuwa anakula chakula kimepoa kwa ajili ya kitu hiki. Nikisikie kabla sijakizika."

Hewani kulikuwa na feni ya Nusu, ambayo hata mimi ilinitia usingizi. Nikaona haifai. Nikafungua haraka sanduku la zamani nikavuta kazi ya Mzee Transista, ya kwanza niliyoikuta, nikaiweka.

Nilisikia spika za kwake kupitia simu. Kwanza cherehani, ikikimbia na kusimama, mzee ameivuta hadi ikawa nzito na ndefu. Kisha kikohozi. Kisha ufagio sakafuni, ameukunja ukaenda na kurudi. Halafu kwa mbali, kutoka chumba kingine, sauti ya mwanamke: wewe mzee, chakula kinapoa. Mzee alikuwa ameirudia, mara nyembamba, mara pana, akaitandaza juu ya kila kitu. Makorokoro ya nyumbani. Nilikuwa nimeisikia kazi hiyo zaidi ya mara moja, na sikuwahi kujiuliza ni nani huyo.

Nilisikia mama akiisogelea spika.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo ni cherehani yangu. Alikuwa ananirekodi?"

"Karibu kila kazi yake, mama. Ndiyo maana tulimwambia zinafanana."

Nilisikia kiti kikiburutwa, akakaa. Alipoongea tena alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

"Mimi nilidhani anajifungia humo asinisikie," alisema. "Miaka yote hiyo. Nilikasirika naye mpaka siku ya mwisho."

 Upande wake honi ililia nje, mara mbili, na mtu akaita mama, twende.

"Subiri!" alimpigia kelele. Kisha kwangu, taratibu: "Mwanangu, zipo nyingine?"

"Zipo."

"Basi usizime kwanza."

Chini ya ukurasa namba ilikuwa moja. Mgongo ulikuwa unaniuma vilevile. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamtafutia nyingine.