Damu Upande wa Pili wa Seng'enge

Mwishoni mwa Machi, theluji ya Wisconsin ilipoanza kuyeyuka, Leland aliegesha pikapu nyuma ya ghala la Bi Arlys, akavaa buti za mpira, akampa shemeji yake Duane chupa ya kahawa abebe. Huo ndio wakati wa kupeleleza ardhi mpya: theluji ikiondoka, yote waliyoyafanya kulungu tangu msimu uliopita wa kuwinda hubaki wazi. Msitu huo Leland aliukodi kwa Arlys, mjane, baada ya kuutamani miaka mingi akiwa upande wake wa seng'enge.

Dalili zilikuwa nzuri. Vinyesi vyeusi kama zabibu kavu, mierezi iliyochunwa gome kwa pembe, njia iliyokanyagwa hadi ikawa mfereji. Na katika njia hiyo, damu.

Duane alichovya kidole. "Ina joto. Na msimu ulifungwa tangu Novemba."

"Ni ya yule dume wa mwaka juzi," alisema Leland.

"Yule uliyesema ulimkosa? Shemeji, kwa kukosa hujambo! Ghala lenyewe ungelikosa ukiwa ndani."

Leland hakuwa amemkosa; alimpiga ubavuni, naye dume akaruka seng'enge. Huko kwao, mnyama uliyemjeruhi akivuka mpaka, unabisha hodi kwa mwenye ardhi, unaomba ruhusa, mnamfuata pamoja. Lakini Leland alikuwa amegombana na Norbert, mume wa Arlys, kwa sababu ya mpaka huohuo. Badala ya kumwomba, alirudi nyumbani akala.

Waliifuata damu hadi ngazi za jikoni. Arlys alikuwa anapiga deki.

"Huja kila asubuhi," alisema. "Anakunywa maji, anavuja, anaondoka. Hafi. Siku aliyopigwa, Norbert alimfuata mpaka giza, amuue asiteseke. Tulimkuta Norbert chini ya mti, moyo umesimama. Kulungu kalala kando yake, anamtazama." Akakamua tambara. "Leland, wewe wawindaji wa hapa unawajua. Nani huyo alishindwa hata kubisha hodi?"

Duane alitazama buti zake.

"Watu wa mjini hao, Bi Arlys," alisema Leland.

"Ndivyo nilivyomwambia mchungaji. Karibuni keki. Norbert alikusema vibaya, lakini mimi naona wewe ni mtu mwema."

Duane alisema ameshiba. Leland alikula.

Novemba, asubuhi ya kwanza ya msimu, yule dume alikuja hadi chini ya dungu la Leland. Akageuka, akampa ubavu wenye tundu bichi, akasimama. Leland aliinua bunduki. Kisha akawaza atakavyomkokota kupita uani, Arlys akitoka kutazama, na kulungu akichanwa atolewe risasi mbili, ya zamani na ya leo, zote za bunduki moja.

Akaishusha.

Dume alingoja mpaka jua likapanda. Halafu akashika njia ya jikoni kwa Arlys, akivuja.