Kila Wanapoitazama

Binti wa fundi makochi alikuwa akiosha vikombe alipoanguka. Miguu ilimteleza, akaenda chini kwa ubavu wa kushoto, na kikombe kimoja kikavunjika ndani ya sinki. Mama yake alikuwa akimenya vitunguu, wala hakugeuka.

"Nani tena saa hizi?"

"Labda wale wa bweni," binti alijibu kutoka sakafuni. "Jumamosi wanaruhusiwa simu."

Ilikuwa hivi. Kwenye mkutano wa asubuhi alijikwaa katika ngazi ya jukwaa, mbele ya shule nzima, sketi ikaenda kwake na yeye kwake. Mvulana wa darasa lake, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa na simu mkononi. Kabla ya mapumziko video ilikuwa imeshafika kila mahali, na jina ambalo wazazi walihangaika kulichagua likasahaulika. Akawa Puu. Tangu hapo, kila mara mtu alipoifungua video ile, popote alipokuwa, binti alianguka tena vilevile. Daktari alimpima magoti, akasema hayana neno, shida ni watazamaji. Akamwandikia dawa ya kuchua.

Baba si mtu wa maneno mengi. Alileta vipande vya sponji kutoka karakana, akavitandaza toka jikoni hadi chumbani, akavivalisha kitambaa cha maua alichobakiza kwenye makochi ya mteja. Wageni walivua viatu na kusifu kitambaa.

Binti hakutulia. Akikaa aliogopa kusimama, akisimama aliogopa kutembea, kwa hiyo alizunguka nyumba nzima akiwa ameshika ukuta, mpaka rangi ikaanza kubanduka usawa wa kiganja. Mtihani wa vitendo wa kemia ulikuwa unakaribia, na mtihani huo hufanywa kwa kusimama, tindikali mkononi.

"Mimi sitaki mtu achapwe," alimwambia mama yake. "Nataka ifutwe tu."

Mama alikasirika kwa niaba yake, na hasira hasara. Aliituma video kwenye kundi la ukoo, akaandika chini yake: Ndugu zangu, oneni mwanangu anavyodhalilishwa. Ukoo wao ni mkubwa na una upendo. Shangazi aliitazama, akatuma pole. Mjomba aliitazama mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na miwani. Mke wa mjomba akawaita majirani. Jioni nzima binti hakuweza kuinuka, pole zinaingia tu.

"Mama, waambie basi."

"Watu wanakupenda, mwanangu."

"Najua. Wanipende bila kuangalia."

Kisha kukawa na siku za nafuu. Shuleni ilitoka video mpya, ya mvulana aliyelia ubaoni, naye sasa alikuwa akitokwa machozi hata akila. Binti alimwonea huruma, na pia alifurahi, na kule kufurahi kulimuuma kuliko ubavu. Alianza kuuachia ukuta. Alikuwa akimpelekea baba chai karakanani alipoanguka mlangoni, chai yote ikamwagika. Baba alikuwa ameinama juu ya simu.

"Nilitaka kujua unaangukia upande gani," alisema, akiificha chini ya turubai. "Niongeze sponji."

"Kushoto, baba. Ungeniuliza."

"Kweli. Ningekuuliza."

Kesho yake wazazi walivaa nguo zao nzuri, wakaenda kwa mwalimu mkuu kuomba video ifutwe. Aliwapokea vizuri. Alisema kijana yule ni utoto tu unamsumbua, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini shule haiwezi kukaa kimya, alisema, na akatangaza siku maalumu ya kupinga kudhihakiana.

Siku hiyo shule nzima ilijaa ukumbini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ametoa zawadi ya projekta, na mwanawe ndiye aliyesimama pembeni kuiendesha, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeijua. Binti alifika na kipande cha sponji kwapani. Aliketi sakafuni, mstari wa mbele, akaegemeza mgongo kwenye jukwaa. Nyuma kabisa mvulana wa ubaoni alikuwa akijifuta macho.

"Leo tutaitazama wote kwa pamoja," mwalimu mkuu alisema, "ili kila mmoja wetu aone ubaya wake."

Taa zikazimwa. Mwalimu mkuu akamgeukia binti, akamwambia kwa upole kama mzazi:

"Mwanangu, simama kwanza, wenzako wakuone."

Binti aliweka sponji upande wa kushoto, akasimama.